Uniti 241 kwa mwezi: kisa cha LUKU ya shangazi, Kigamboni

Mwezi wa tano shangazi yangu wa Kigamboni alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, na shangazi akipiga saa hiyo ujue kuna msiba au kuna ugomvi. Nikasema shikamoo, akasema marahaba baba, halafu bila hata kuniuliza habari za watoto akaniuliza, "Hivi umeme unaweza kuibwa na mtu aliye ndani ya nyumba?"

Kwahiyo ni ugomvi.

Maelezo yalichukua robo saa nzima lakini kiini chake ni hiki: mwanzo wa mwaka LUKU ya elfu ishirini ilikuwa inamfikisha karibu wiki mbili, sasa hivi haimalizi hata siku nane, na ndani ya nyumba kila mtu ana mchawi wake. Shangazi mwenyewe mchawi wake ni binti wa kazi aliyekuja mwezi wa pili, anasema anapiga pasi kila asubuhi na usiku anachaji simu. Shemeji yangu, mke wa binamu, anasema mchawi ni barafu za ubuyu ambazo shangazi anagandisha kuwauzia watoto wa shule, maana friji halipumui. Binamu yeye anasema mita inakimbia, tena ana hoja ya kisiasa kabisa, kwamba bwawa la Mwalimu Nyerere la megawati 2,115 lilishaanza kuzalisha tangu 2024 sasa iweje yeye alipe zaidi badala ya kulipa kidogo. Na wote watatu walikubaliana kitu kimoja tu, kwamba presha kuka ya umeme iliyonunuliwa mwezi wa tatu nayo ina mkono wake, ikafungiwa kabatini, wakarudi kwenye mkaa.

Mi kazi yangu ni wayaring na mafriji, na nimeshaitwa kwenye ugomvi wa namna hii mara nyingi kuliko nilivyoitwa kwenye shoti. Nilichojifunza ni kwamba watu wanamshuku yule wanayemwona akigusa swichi. Kitu kinachojiwasha chenyewe hakina shahidi. Jumamosi nikapanda pantoni.

Sasa kabla sijagusa waya wowote, shangazi akaniletea daftari. Huyu mama amestaafu ualimu wa shule ya msingi na hajawahi kutupa tabia yake, ana kaunta buku ambayo kila tokeni ya LUKU imeandikwa: tarehe, pesa, uniti. Nimefanya kazi hii miaka na sijawahi kupewa zawadi kama ile. 3/1, elfu ishirini, uniti 51.9. 15/1, elfu ishirini, uniti 56.1. 28/1, elfu ishirini, 56.1. Na kila penye 51.9 amepiga mstari mwekundu na alama ya kuuliza kama anavyosahihisha hesabu za la nne.

Hiyo alama ya kuuliza tukaimaliza hapohapo mezani. Nyumba yake ilikuwa kwenye ile bei ya kawaida, wakati huo shilingi 292 kwa uniti, juu yake kulikuwa na VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, ukijumlisha unapata 356 na senti kidogo. Elfu ishirini gawanya kwa hiyo, ni uniti 56.1. Ila manunuzi ya kwanza ya kila mwezi yanakatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, kwahiyo umeme unabaki wa 18,500 na ndo hizo 51.9. Hamna aliyekuibia shangazi, hiyo ni kodi. Akanitazama, akachukua kalamu nyekundu akaandika "kodi" pembeni ya kila alama, kurasa zote, mimi nasubiri.

Alipomaliza nikachukua daftari nikafanya hesabu moja tu ambayo naona kila mwenye LUKU anaweza kuifanya, ukichukua uniti za tokeni moja ukagawa kwa siku ilizodumu mpaka ukanunua nyingine. Januari inatoka uniti 4 na kidogo kwa siku, Februari hivyohivyo. Machi mwanzoni inapanda mpaka 5 na kitu, Machi mwishoni 7. Aprili nzima ni 8. Kwa mwezi ni uniti 131 Januari, 198 Machi, 241 Aprili. Kwa pesa pamoja na hiyo kodi ni kutoka elfu 48 hadi elfu 87. Binamu nikamwonyesha kwamba bei ya uniti haijasogea hata shilingi moja toka ukurasa wa kwanza, kwahiyo bwawa tuliache lipumzike, kilichopanda ni uniti zenyewe. Kuna kitu kimeingia kwenye nyumba hii kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi na kinakula uniti karibu 4 kila siku inayokuja kwa Mungu.

Na hapo ndo ubaya wa bahati ya yule binti, kaja Februari. Na kuka imekuja Machi. Ukitazama kalenda peke yake unawafunga wote wawili.

Nikaanza na mita kwa sababu binamu alikuwa amenisimamia. Mita yao imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake ile taa nyekundu ikipepesa mara elfu moja umetumia uniti moja. Nikazima kila kitu kwenye breka, taa ikatulia kabisa, kitu ambacho chenyewe tayari ni habari njema maana mita haijihesabii yenyewe na hamna waya ulioungwa kabla ya breka. Nikawasha birika peke yake, limeandikwa wati 2000, nikahesabu mipepeso mia moja. Kama mita ni ya haki na birika linavuta wati zake zote itachukua dakika tatu. Ilichukua dakika tatu na sekunde ishirini na kitu, yaani mita iko taratibu kuliko nilivyotegemea, na sababu ni kwamba volti za mtaa ule siku ile zilikuwa 225 badala ya 240 zilizoandikwa kwenye birika, likawa linavuta pungufu. Mita haikimbii. Binamu akasema labda inakimbia usiku, nikamwambia usiku pia tutaitazama.

Wakati nahangaika kwenye soketi nikaona kidude cheupe kimechomekwa nyuma ya TV kina taa ya kijani. Binamu akaona aibu kidogo. Ni kile kifaa cha "kuokoa umeme", kauziwa elfu 35 kwenye basi, unachomeka tu bili inashuka nusu. Nikakifungua mbele yake: kapasita moja, virezista vidogo, na taa. Kapasita kama hiyo ina kazi yake kwenye viwanda vyenye mamota makubwa, ila mita ya nyumbani inahesabu umeme unaofanya kazi kweli, hicho kidude hakigusi hesabu hiyo hata kidogo, na ile taa ya kijani nayo inakula ya kwake. Sikuongeza neno. Elfu 35 ishakwenda.

Halafu watuhumiwa, mmoja mmoja. Pasi ya binti ni ya wati 1000, anapiga dakika arobaini, ila pasi haiwaki muda wote, inakata na kurudi, nusu ya muda hivi. Ni kama thuluthi ya uniti, shilingi 120. Simu yake, betri yake ikijaa toka sifuri haifiki hata shilingi kumi. Nilirudia kumwambia shangazi, shilingi kumi shangazi, na sio kwa saa, ni kwa kuijaza mpaka iwe mia. Akasema "Mh." Binti alikuwa mlangoni na beseni la vyombo akajifanya hasikii.

Barafu za ubuyu zilinichukua muda zaidi kwa sababu shemeji ni mbishi na hoja yake haikuwa ya kijinga, friji ni kweli linakula. Nikapiga hesabu kwenye karatasi. Shangazi anagandisha kama sitini kwa siku, kila moja ni kimfuko cha gramu 80 hivi, jumla kilo 5 kasoro. Kuyatoa maji hayo kwenye joto la Dar mpaka yawe jiwe, kwa friji kama lile, ni karibu nusu uniti. Shilingi 180 kwa barafu sitini, shilingi tatu kila moja, naye anauza mia mia. Shemeji akanyamaza. Na zaidi ya yote barafu zimeanza mwaka juzi, Januari zilikuwepo.

Kuka nikaitoa kabatini kwa heshima zote. Shangazi akaweka maharage, nikazima vyote nikabakiza hiyo peke yake, mpaka imelia maharage yameiva imetumia uniti 0.42. Shilingi 150. Maharage ambayo kwa mkaa yanakaa jikoni asubuhi nzima. Nchi nzima inaambiwa ihamie kwenye nishati safi, mkakati ule wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, halafu kuka inafungiwa kabatini kwa kosa ambalo haijalitenda. Hata wakiitumia kila siku haifiki uniti 15 kwa mwezi.

Kufikia hapo ni jioni na watuhumiwa wote wameachiwa, ila uniti 4 za kila siku hazijapatikana. Nikajumlisha kila kitu nilichopima, friji, TV na king'amuzi, feni mbili, taa, pasi, kuka, na pampu ya kisima kwa matumizi ya watu watano, inagota kwenye 4 na nusu hivi. Mita inasema 8. Kwahiyo kuna kitu hakifanyi kazi wakati mi natazama.

Shangazi akatandika mkeka sebuleni, nikamwambia leo sitalala chumbani. Saa nne usiku nyumba imelala, nikaacha friji na mengine yote kama kawaida yao, nikakaa nje kwenye kiti cha plastiki mbele ya mita na mbu. Taa inapepesa polepole, friji likiwaka ni kama kila sekunde ishirini na nane, feni nazo zinaongezea zao. Saa tano na dakika ishirini nikasikia stoo, *ta!*, na taa ya mita ikabadilika ghafla, inapepesa kila sekunde tatu, mfululizo. Hiyo ni kilowati moja na ushee. Hakuna kitu kwenye nyumba ile chenye ukubwa huo kinachowaka saa tano usiku isipokuwa pampu ya kisima, na ile *ta* ni kontakta, ile swichi inayoiwasha, kwenye kiboksi chake. Nikatazama saa. Dakika tisa, *ta*, ikazima.

Nikazunguka nyumba, hakuna bomba lililofunguliwa, wote wamelala, hata jirani anayeombaga maji kwa mpira hayupo. Nikarudi kitini. Saa sita na nusu, *ta!*

Basi nikajua nimempata, sijui tu anafanyaje. Pampu ni ya kuzama, hosi pawa moja, inavuta kama kilowati 1.1 na inapandisha lita elfu mbili hivi kwa saa kwenye simtanki la lita 2,000 lililo juu ya mnara wa zege. Ndani ya tenki kuna lile boya, maji yakishuka boya linaning'inia linawasha pampu, yakijaa linazima. Likiwashwa kila saa moja na dakika kumi kwa dakika tisa, ni mara 21 kwa siku. Mara 21, kila mara uniti 0.165. Nikapiga kwenye simu gizani: 3.5. Ndo hizo.

Hapa naomba nikae kidogo maana hapa ndo kisa chenyewe. Maji ya kisima chako hayana bili. Kama shangazi angekuwa anatumia maji ya mita, lita 6,000 na zaidi kupotea kila siku zingempigia kelele kwenye bili ya kwanza, mtaa mzima ungejua. Ila akiwa na kisima, kuvuja hakuonekani kwenye maji, kunaonekana kwenye LUKU, na kwenye LUKU mtu anatafuta pasi, anatafuta friji, anatafuta binti. Nani ataangalia bomba? Kwahiyo nyumba yoyote yenye kisima na boya, uniti zikipanda bila sababu mi siku hizi nauliza habari ya maji kwanza.

Ila maji yenyewe yanakwenda wapi? Lita 300 kwa saa sio matone, yangekuwa yanamwagika kungekuwa na dimbwi. Udongo wa kule ni mchanga, unanywa, sawa, lakini alfajiri nilizunguka na tochi nikitafuta penye unyevu na hamna, migomba ya shangazi imekauka kama ya watu wote, na mgomba ukikaribia maji haukauki. Vyoo nikavipima kwa rangi ya chakula, unadondosha kwenye tenki la choo unasubiri nusu saa bila kuvuta, ikionekana kwenye sinki la choo basi panavuja. Viwili vyote safi. Nikapanda mnara, nikazima breka ya pampu, nikafunga geti valvu inayopeleka maji ndani ili nyumba yote isipate hata tone, nikapima kina cha maji kwa kijiti. Baada ya saa moja nikapanda tena. Yameshuka shubiri nzima. Na nyumba imefungwa!

Nikakaa pale juu nafuata mabomba kwa macho. Na hapo nikaona kwamba fundi aliyefunga mfumo ule miaka hiyo alibana matumizi, hakupeleka bomba la kisima juu kwenye mdomo wa tenki liwe linamwagia kwa juu, kaliingiza chini, bomba moja hilohilo linapandisha na hilohilo linashusha, kwenye ti, kile kiungio cha njia tatu, ndo linagawanyika kwenda nyumbani. Mfumo huo unafanya kazi vizuri kabisa mradi kile kidude cha kuzuia maji yasirudi kisimani kiwe kizima. Nikashuka mbio, nikaenda kwenye mdomo wa kisima nikaweka sikio kwenye bomba. *Mssss*, kama jiko la gesi lililoachwa wazi kidogo. Maji yanashuka kisimani.

Yaani yanazunguka. Pampu inayatoa chini inayapeleka juu, yanarudi chini yenyewe, boya linaona tenki limepungua linaamsha pampu, usiku na mchana, na hakuna anayelowa wala anayekosa maji kwa sababu tenki daima limejaa. Nilimwamsha shangazi aje asikilize. Akaja na kanga kichwani akainama kwenye bomba, akakaa kimya muda mrefu, akasema, "Kwahiyo mimi nalipia maji yapande halafu yashuke." Nikasema ndiyo shangazi, elfu 37 kwa mwezi. Akasema ni bora wangekuwa wanayaiba.

Tulifungua kile kizuizi siku hiyohiyo, kiko juu karibu na kisima, haikuhitaji kuitoa pampu. Ndani kuna kipande cha mpira wa duara kinachofunguka upande mmoja. Mpira ulikuwa umelika ukingoni na mchanga, ila sio hivyo tu, kulikuwa na uzi wa ile tepu nyeupe ya kufungia nyuzi za bomba umejiviringa kwenye bawaba, unauzuia mpira usikae sawasawa. Tepu haiotagi yenyewe. Shangazi bila kuulizwa akaenda kuleta daftari, akafungua nyuma kabisa ambako anaandika mafundi: 28/2, kukaza yunioni ya bomba la kisima, 15,000. Fundi aliyekuja alifanya kazi nzuri kwenye yunioni, yaani kiungio cha bomba, ila alizungushia tepu kwa ukarimu mno, ncha ikamezwa na maji mpaka kwenye kizuizi, mwanzo ikaacha upenyo mdogo, mchanga ukaendelea kuupanua, ndo maana Machi ilipanda polepole na Aprili ikafika kileleni. Pampu yenyewe huko chini huwa na kizuizi chake pia, cha hii kilishakufa siku nyingi, kwahiyo cha juu kilikuwa kimebeba mzigo peke yake.

Kipya cha shaba, inchi moja, elfu 28, ufundi wa bomba elfu 20. Kikafungwa, tukapima tena kwa kijiti, saa nzima maji hayajasogea.

Tulipokuwa hapo nikamshauri kitu kimoja zaidi, boya liachwe kazi ya kuzima tu. Breka ya pampu iwe chini, waiwashe wenyewe asubuhi kila baada ya siku mbili, tenki linawatosha. Sio kwa sababu umeme utapungua sana, maji ni yaleyale, ila siku kizuizi kikifa tena wataona tenki limekauka asubuhi badala ya kujua baada ya miezi mitatu. Na mota inayowashwa mara 21 kwa siku haizeeki, inakufa.

Friji nalo sikuliacha, maana nililipima likala karibu uniti 2 kwa siku, kubwa kuliko vyote ukitoa ile pampu. Nilichukua noti ya elfu moja nikaifungia mlangoni, nikavuta, ikatoka bila kung'ang'ania upande wa chini wote. Mpira ulikuwa umepinda. Kwa maji ya moto na kitambaa ukarudi, sehemu moja nikaweka kibao ubanwe usiku kucha. Friji lenyewe lilikuwa limegandamizwa ukutani karibu na jiko, tukalivuta kiganja kimoja, barafu iliyoota kama kidole gumba ikayeyushwa. Ikashuka mpaka 1.6. Ni friji la mtumba, halitafika mbali zaidi ya hapo, na kununua jipya kwa ajili ya nusu uniti kwa siku sikumshauri. Taa zote zilishakuwa za LED, sikuwa na cha kufanya hapo. Hita ya kuogea hawana, na kwa joto la Kigamboni sijui wangeitakia nini.

Juni zilitumika uniti 117. Pamoja na kodi ni elfu 43 na kidogo, kutoka 87. Julai 116. Nisiseme uongo, sio zote ni za kizuizi, Juni na Julai ni kipupwe na feni zimezimwa, hiyo peke yake ni uniti 15 hivi kwa mwezi, nitaiamini hesabu yangu Januari joto likirudi. Shangazi anataka afike 75 kwa sababu jirani yake yuko kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, uniti 75 kwa 9,150. Nimemwambia kwa friji lile na barafu zile hafiki, achague. Amechagua barafu.

Nilirudi kule Agosti kwenye hitima. Kuka iko mezani, kidude cha kijani hakipo. Shangazi hajamwomba binti radhi na sidhani kama ataomba, sio wa zama hizo. Ila nilipokaa nikaona kwenye soketi ya sebuleni, ile iliyo chini ya picha ya marehemu mjomba, simu mbili zinachajiwa, moja ya shangazi na nyingine ina kioo kilichopasuka. Shangazi akaniona natazama, akasema, "Hiyo ni shilingi kumi."